Kwa mwanangu, kuhusu pete unayotaka kuinunua Deira

Shinyanga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi na mama yako hatujambo, na habari ya uchumba wako tumeipokea kwa furaha kubwa. Mama yako aliisoma barua yako kwa sauti mbele ya shangazi yako, kisha akairudia tangu mwanzo.

Umeniuliza ununue wapi pete ya almasi: katika soko la dhahabu la Deira huko Dubai, karibu na unakofanya kazi, kwa sonara wa mjini Mwanza, au kwenye maduka ya Marekani yanayouza kupitia intaneti. Umesema unaniuliza mimi kwa sababu nimelelea familia kwa mshahara wa almasi. Ni kweli, lakini kuishi Mwadui, penye mgodi wa almasi, hakumfundishi mtu kununua almasi. Sisi wa karakana tulitengeneza mitambo ya kusaga mwamba, na jiwe lenyewe tuliliona kwa nadra, likiwa bado halijakatwa, kama punje ya chumvi ya mawe iliyolowa, wala asiyejua asingeinama kuliokota. Kati ya jiwe lile na lile linalometa kwenye kabati la kioo wamepita wakataji, madalali na wenye maduka, na ni kwa karatasi za mikono hiyo, si kwa macho yangu, kwamba utajua unachokinunua.

Kwa hiyo nitaanza na swali ambalo hukuniuliza: siku ya kurudi utamkuta nani? Nimewaambia ninyi watoto tangu mkiwa wadogo, tuliponunua redio na tuliponunua baiskeli, kwamba duka hujulikana siku ya kurudi. Siku ya kununua kila muuzaji ni mwema. Na pete ya uchumba lazima irudi dukani, tena mapema, kwa sababu mwanamume huinunua kwa siri bila kupima kidole cha mwenzake, na mara nyingi safari ya kwanza ni ya kuipanua au kuipunguza. Baadaye vikucha vinavyoshika jiwe hulegea na kuhitaji kukazwa, na kila inapoachwa mezani kwa fundi, jiwe lako linalala katika mikono isiyo yako.

Unaikumbuka pete ya shangazi yako, ile aliyoacha kuivaa. Ninyi mliambiwa kwamba inambana. Sasa unaoa, na ni haki yako kujua.

Marehemu mume wake alikuwa karani wa chama cha ushirika wa pamba, mtu ambaye hesabu zake hazikupungua hata senti. Aliinunua Mwanza, kwa sonara mwenye jina zuri wakati ule, akalipa kidogo kidogo kwa msimu mzima. Baada ya harusi ilirudishwa dukani hapo kupanuliwa, ikakaa siku kadhaa, ikarudi imeng'arishwa. Miaka ilipopita shangazi yako akaona jiwe linafifia hata likioshwa, akaja nayo kwetu, nasi tukaipeleka kwa sonara mwingine, mzee aliyefanyia kazi barazani. Mzee aliweka lenzi jichoni, akaigeuza pete chini ya taa, kisha akanipa nami nitazame. Kwenye almasi, pale nyuso mbili za jiwe zinapokutana, pana ukingo mkali ulionyooka, na ukingo huo hubaki mkali. Kwenye jiwe lile kingo zote zilikuwa zimelika na kuwa butu, na usoni pamejaa mikwaruzo myembamba ya sufuria na mchanga. Almasi ndiyo namba 10 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, na masufuria ya jikoni hayaiwezi. Mzee hakumsema vibaya mwenzake. Alisema tu, "Hii si almasi," akanirudishia.

Tulirudi kwenye duka lile, shemeji na mimi. Mwenye duka akaomba stakabadhi, na shemeji akaitoa ndani ya Biblia yake alimoihifadhi. Iliandikwa kwa wino wa buluu: "Pete 1 ya almasi," kisha bei na mhuri. Uzito wa jiwe haukuandikwa, wala rangi, wala namba yoyote. Mwenye duka akasema yeye aliuza almasi, na kama jiwe limebadilishwa, basi limebadilishiwa kwingine. Tungemjibu nini kwa karatasi ile?

Fedha tulizisahau. Kinachoniuma hadi leo ni kikao cha jioni ile kwa marehemu bibi yako, pale mmoja wa wazee wetu aliposema kwamba huenda bwana mwenyewe alijua alichonunua. Shemeji aliiweka stakabadhi juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, asiseme neno. Mimi nilisema, na nasema leo, kwamba mtu hajinyimi msimu mzima ili anunue kioo. Lakini neno likishatoka halirudi, na mtu yule mwaminifu alikufa akijua kwamba wapo ndani ya ukoo wetu wanaomtilia shaka.

Je, jiwe lilibadilishwa siku ya kupanua, au liliuzwa hivyo tangu mwanzo? Shangazi yako hana shaka kwamba lilibadilishwa, kwa kuwa anakumbuka lilivyowaka siku ya uchumba. Nami hupendelea kuamini hivyo, kisha hujiambia kwamba kila jiwe jipya huwaka, kisha namkumbuka yule mwenye duka, jinsi alivyosoma stakabadhi kwa utulivu kana kwamba alijua kabla ya kuishika kwamba haina kitu. Basi, tuliache hilo.

Utaniambia: Baba, duka lile lilikuwa karibu, mlirudi, na hamkupata haki. Ni kweli, na hoja hiyo imenisumbua tangu barua yako ifike. Ukaribu haukutusaidia kwa kuwa hatukuwa na cha kuweka mezani. Lakini nawe ukiwa na hati safi, na mkataba wako wa Dubai umekwisha, na mkeo yuko Mwanza na kikucha kimekatika, hati hiyo utaiweka kwenye meza ya nani?

Hati ninayoisema ni ya maabara isiyouza almasi. Inayojulikana zaidi ni ya taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931. Hutaja uzito kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2, hutaja rangi kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, hutaja usafi wa ndani na, kwa almasi za duara, ubora wa ukataji, na ni ukataji unaolifanya jiwe liwake. Ina namba ambayo unaihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao, na mara nyingi namba hiyo huchongwa kwa leza kwenye ukingo wa kiunoni mwa jiwe. Omba lenzi, uisome namba hiyo siku ya kununua na kila unapoitoa pete kwa fundi. Laiti shemeji angekuwa na namba moja tu ya kusoma mbele ya wazee wale.

Muuzaji akikwambia kwamba almasi yake ina cheti cha Kimberley, jua kwamba mpango huo ulioanza mwaka 2003 huthibitisha shehena za mawe ghafi ili zisitoke kwenye vita, wala hausemi lolote juu ya ubora wa jiwe lililo kidoleni. Akigusa jiwe kwa kalamu ya kupimia na taa ikawaka, usitosheke, kwa kuwa kalamu za kawaida hupima upitishaji wa joto, na moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, huzidanganya. Almasi zinazotengenezwa maabara nazo ni kaboni ileile, na bei yake iko chini sana. Mimi sioni aibu katika kuinunua, ilimradi hati iseme hivyo na mchumba wako ajue.

Ile almasi ya waridi ya Mwadui, aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, ilitoka ardhini ikiwa na karati 54.5 na ikabaki na 23.6 baada ya kukatwa. Tunayajua hayo kwa sababu yaliandikwa. Jiwe lako dogo linastahili kuandikwa vivyo hivyo.

Sasa maduka. Deira ni pazuri kwa dhahabu, kwa kuwa bei ya siku inajulikana na mtu hupatana juu ya ujira wa kutengeneza tu. Almasi haina bei ya siku, kwa hiyo wingi wa maduka hautakulinda kama unavyodhani. Uliza jiwe la karati 0.90 badala ya 1.00, bei hushuka na jicho halioni tofauti. Marekani utapata hati nzuri na muda wa kurudisha, lakini siku hizo zitaliwa na safari ya kifurushi. Mwanza utapata uchaguzi mdogo na huenda bei kubwa zaidi, ila mtu yupo na mlango wake unaujua. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina la mji mmoja hapa, nikalifuta, kwa kuwa pete ni yako na fedha umezitafuta mwenyewe. Hata hivyo nasema tena: duka hujulikana siku ya kurudi.

Popote utakaponunua, stakabadhi itaje uzito, rangi, usafi na namba ya hati, na aina ya dhahabu, na kwamba watairekebisha saizi. Nitumie namba hiyo kabla hujalipa, dada yako ataihakiki hapa. Yeye pia ameahidi kuazima pete moja ya mchumba wako na kuipima kipenyo cha ndani kwa milimita. Vipimo utavipata wiki ijayo.

Ni mimi baba yako.