Kitulo mwezi wa pili: tushukie wapi?

SWALI: Shikamooni. Tuko wanne, tunatoka Iringa kwa basi, na Februari tunataka kuona maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Tupitie wapi, tubebe nini?

JIBU: Marahaba. Shukeni Chimala. Mkifika Mbeya mjini mtarudi nyuma karibu kilomita 80 bure. Kutoka Chimala barabara inakwea mlima kwa kona 57 hadi Matamba, yaliko makao makuu ya hifadhi. Pandeni asubuhi, hata ikibidi mlale Chimala, kwa sababu mvua za Februari hupenda kushuka mchana na udongo ukilowa magari huteleza. Mkikodi gari, mwambieni dereva ashuke kwa gia ndogo. Anayekanyaga breki kona zote hizo huzichemsha mpaka zinaacha kushika.

Mwezi mmechagua vizuri: maua huchanua Desemba hadi Aprili. Ila uwanda uko mita 2,600 hivi, na baridi yake si ya kudharau. Kila mtu awe na sweta nzito, koti la mvua, buti na soksi jozi tatu, maana nyasi hulowesha miguu tangu alfajiri. Mkipika wenyewe, maji huko huchemka yakiwa karibu nyuzi 91 tu, kwa hiyo maharage hukawia sana. Yachemsheni kabisa kabla ya safari.

Tunawasihi jambo moja: msing'oe okidi. Viazi vyake huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kiazi kikitoka mmea umekufa.