Re: Kikao na meneja, naweza kuandika muhtasari?

Dadangu, umeuliza kama wewe mwakilishi wa wafanyikazi hapo hotelini Malindi unaruhusiwa kuandika muhtasari wa kikao na meneja na kuwatumia wenzako. Andika, tena usingoje kesho. Sisi tulikaa kikao tukakubaliana ovataimu ya msimu wa wageni, tukapeana mikono, baadae meneja akabadilishwa na huyu mpya akasema hajui lolote, na mimi nilichokuwa nacho ni risiti ya jikoni nimeandika nyuma yake "ovataimu sawa", bila tarehe, bila jina la mtu. Watu walikosa pesa za karo na iliniuma sana.

Basi ukitoka tu weka tarehe, nani alikuwepo, mlichokubaliana, nani atafanya na mpaka lini, alafu mtumie meneja kwa imeili, "haya ndiyo niliyoelewa, kama nimekosea nisahihishe kufikia Ijumaa". Hata akinyamaza una kitu mkononi. Yale mliyobishana yaandike hivyo hivyo, usiyapambe.

Ila soma kwanza mkataba wenu wa pamoja, ule wa chama cha wafanyikazi na mwajiri, uone unasema nani atie sahihi na nini ni siri, na kesi ya nidhamu ya mtu usiiweke kwenye grupu la WhatsApp kabisa, ile ni heshima yake. Na muhtasari si mkataba: mshahara au saa za kazi zikibadilika, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mwajiri ashauriane na mfanyikazi na amjulishe kwa maandishi, kwa hivyo barua hiyo ya mabadiliko idai.