Maji ya mabati karibu na dampo la Dandora, kuchemsha kunatosha?

Swali: Tunaishi Korogocho, ng'ambo tu ya dampo. Mvua ikinyesha tunateka maji ya mabati kwa tangi ya plot. Jirani anasema yana dawa za wadudu kutoka huko. Nikichemsha ama niweke WaterGuard si iko sawa?

Jibu: Hapana mama, haiko sawa. Kuchemsha na klorini kama hiyo WaterGuard ni za kuua viini vya kipindupindu na taifodi, endelea nazo, lakini dawa ya wadudu si kiini cha kuuawa. DDT na lindane, dawa za wadudu za zamani, zimepigwa marufuku shambani kitambo lakini haziozi haraka, DDT inaeza kaa kwa udongo miaka na miaka, na moto wa jikoni hauzivunji.

Sasa venye zinafika kwa tangi. Lindane inapanda hewani kidogo kidogo jua likiwaka, mvua inaiosha inashuka nayo. DDT yenyewe inashikana na vumbi, na hilo vumbi pamoja na moshi wa takataka zinalala juu ya mabati kiangazi yote, halafu mvua ya kwanza ya Machi inazoa kila kitu mpaka kwa tangi. Hiyo ya kwanza ndio mbaya kabisa, usiiteke! Milimita moja ya mvua kwa mabati ya mita 30 mraba ni lita 30, na mimi ningemwaga milimita mbili, yaani mitungi mitatu ya lita 20, kila mvua inapokuja baada ya siku kavu, ndio urudishe bomba kwa tangi.

Yako yana kiasi gani ni maabara tu itakwambia. Tumia chupa ya glasi, plastiki inanyonya hizi dawa, iweke kwa barafu na uifikishe siku hiyo hiyo, na useme unataka kupima organoklorini (ndio kundi la kina DDT na lindane), la sivyo watakupimia bakteria. WHO, Shirika la Afya Duniani, inakubali DDT isizidi mikrogramu 1 kwa lita, lindane 2. Ni gharama, kwa hivyo changeni plot nzima, tangi si ni moja.

Kabla majibu yatoke, hayo ya mvua fueni nayo na kudeki, ya kunywa na kupika tafuteni kwingine. Filta ya kaboni ya kiwandani inasaidia (makaa ya jiko sio hiyo), ila lazima ibadilishwe kwa wakati, ikishajaa inapitisha tu. Na kama kuna mama ananyonyesha hapo asiogope akaacha, anyonyeshe kama kawaida, abadilishe tu maji ya kunywa.