Gusinsky wa NTV: alivyopanda na alivyoangushwa, nilivyoona nikiwa mwanafunzi Moscow

Mkuu, umeuliza imekuwaje tajiri mwenye benki, gazeti na kituo cha TV apokonywe karibu vyote ndani ya mwaka mmoja. Nilisoma Moscow kuanzia 1994 hadi 2001, pale Chuo cha Urafiki ambacho wengi bado tunakiita Lumumba. Nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoyasoma baadaye.

Vladimir Gusinsky hakurithi kitu. Alisomea uongozaji wa maigizo, akaendesha teksi bubu, na enzi za Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Sovieti, biashara ndogo ziliporuhusiwa akatengeneza bangili za shaba ambazo watu waliamini zinatibu. Mwaka 1989 akafungua Benki ya Most, yaani "daraja". Alikuwa karibu na Yuri Luzhkov, aliyekuja kuwa meya, na fedha za Jiji la Moscow zikapitia benki hiyo. Utajiri wake uliivia hapo.

Kituo chake cha TV, NTV, kikaanza kurusha matangazo Oktoba 1993. Hosteli yetu ilikuwa na TV moja, na Jumapili jioni ukichelewa kipindi cha Yevgeny Kiselyov unasikiliza ukiwa umesimama koridoni. Kirusi changu kilinyooka kwa kituo kile. Vita vya Chechnya, jimbo lililotaka kujitenga na Urusi, vilipoanza, serikali ikisema mji mkuu wake Grozny haupigwi mabomu, NTV ilituonyesha majengo yakiwaka. Sijawahi kuwaheshimu waandishi wa habari kama nilivyowaheshimu wale.

Ndiyo maana 1996 iliniuma. Rais Yeltsin alikuwa anaelekea kushindwa uchaguzi na wakomunisti, na Igor Malashenko, mkuu wa NTV, akaingia kwenye timu yake ya kampeni bila kuachia kiti. Baada ya ushindi NTV ilipewa masafa ya saa zote, na Gazprom, kampuni ya gesi iliyo mikononi mwa serikali, ikanunua asilimia 30 ya kituo. Wengi wanamlaumu Putin, aliyekuja kuwa rais 2000, peke yake. Mimi naona kamba ilisukwa mwaka ule, na Gusinsky mwenyewe alishika ncha moja. Alikopa mamilioni ya dola kwa dhamana ya Gazprom, halafu ruble ikaanguka 1998 na matangazo ya biashara yakakauka. Mwaka 2000 Gazprom ililazimika kulipa dola milioni 211 kwa niaba yake. Mdai akawa serikali ileile ambayo kituo kiliikosoa kila wiki.

Juni 2000 Gusinsky aliwekwa gereza la Butyrka, Moscow, siku tatu. Mwezi uliofuata akasaini kuuza kampuni zake kwa Gazprom, kwa makubaliano yenye kiambatisho kilichoahidi kufuta kesi iliyomtia gerezani, na waziri wa habari akatia sahihi. Akaondoka nchini. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kifungo kile kilitumika kumbana katika biashara.

Aprili 14, 2001, Jumamosi alfajiri, uongozi mpya uliowekwa na Gazprom ulichukua studio za NTV. Nilishuka kwenye chumba cha TV nikamkuta mama wa zamu, mjane aliyekuwa na mtoto jeshini, amesimama mbele ya skrini. Akaniuliza, "Sasa nani ataniambia mwanangu yuko wapi?" Nilikaa naye hadi zamu yake ilipoisha.