Kutembea Peak District kwa mara ya kwanza: ya kujua kabla hujashuka Edale

Ukifika Sheffield au Manchester kwa masomo au kazi, milima iko karibu kuliko unavyodhani. Treni za kusimama kila kituo kati ya miji hiyo hupita katikati ya hifadhi ya Peak District na kushusha watu Edale, Hope, Bamford, Hathersage na Grindleford. Kutoka Sheffield hadi Edale ni kama nusu saa. Kutoka Manchester, kama robo tatu ya saa. Soma ratiba kwa makini, kwa sababu treni za haraka hupita Edale bila kusimama, na andika pembeni saa za treni mbili za mwisho za kurudi.

Ukishuka hapo hukuti geti la kulipia kiingilio wala mwongozaji anayekungoja. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro alipewa mwongozaji kwa lazima, na mizigo akabebewa na wapagazi. Huku njia unaitafuta mwenyewe. Milima yenyewe si mirefu: Kinder Scout, ulio juu kuliko yote, una mita 636, na Mam Tor una mita 517. Wanaopata shida huku huwa wamepotea, wamelowa au wameingiliwa na giza, na mara nyingi kupotea ndiko kunakozaa hayo mengine. Kwa hiyo ramani kwanza.

Nunua ya karatasi, ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), skeli ya 1:25,000. Namba OL1 ndiyo yenye Edale, Kinder na Castleton; OL24 ni ya upande wa kusini, kuelekea Bakewell na Dovedale. Sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Vistari vifupi vya kijani ni njia ya waenda kwa miguu. Vistari virefu vya kijani ni njia ya miguu, farasi na baiskeli. Hizi ni haki ya umma: hata zikipita katikati ya shamba la mtu au kando ya ua wa nyumba yake, una haki ya kupita, ila unafuata mstari huohuo. Ardhini utaona mshale wa njano kwa njia ya miguu na wa bluu kwa ile ya farasi. Maeneo yaliyopakwa njano hafifu kwenye ramani ni ardhi ya wazi, ambayo sheria ya mwaka 2000 inakuruhusu kutembea hata nje ya njia. Haki hizi zilipiganiwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vibarua na vijana wa viwandani, walipanda Kinder bila ruhusa ya wenye ardhi, na watano wakafungwa jela. Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza mwaka 1951.

Kosa linalowapata wageni wengi ni la ukuta. Kwenye skeli hii, kila mstari mwembamba mweusi ni ukuta wa mawe au uzio, na vistari vya kijani vinaweza kupita kushoto au kulia kwake. Ukichukua upande usio sahihi, unakwenda mita mia tatu ukijiona uko sawa, halafu unakuta kona ya shamba isiyo na pa kutokea. Mtu huona uvivu kurudi, anaparamia ukuta, mawe yanaporomoka kwa kuwa yamepangwa bila saruji, na mkulima anabaki na kazi ya kujenga upya. Dawa yake ni kuhesabu kuta. Kunja ramani ibaki sehemu unayotembea tu, weka kidole gumba mahali ulipo, ujisemee: navuka kuta mbili, kwenye ya tatu nakata kulia na kushuka hadi kijito. Kila ukivuka ukuta, sogeza kidole. Kijito kisipotokea pale kinapotakiwa, simama hapohapo na urudi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo. Na usiamini kila kijia unachokiona: kondoo nao wana vijia vyao, vimenyooka na kuvutia kweli, na vinaishia kwenye majani.

Simu ibebe pia, lakini ramani unayotafutia mitaa mjini haikuonyeshi haki ya kupita iko wapi. Pakua ya matembezi ukiwa nyumbani, maana mabondeni mtandao hukatika. Baridi inamaliza chaji haraka, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Hesabu ya muda ni rahisi, na ifanyike kabla ya kuondoka. Wazoefu huhesabu saa moja kwa kila kilomita 5, na kuongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa anayeanza, weka kilomita 4 kwa saa. Tuseme njia ina kilomita 12 na jumla ya kupanda ni mita 450: saa tatu za mwendo, dakika 45 za mlima, dakika 45 za kula na kupumzika. Jumla ni saa nne na nusu. Ukianza saa nne asubuhi unamaliza saa nane na nusu mchana. Mwezi Juni hiyo haina shida, jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, na una saa moja tu na ushei ya akiba. Tochi ya kuvaa kichwani ikae kwenye begi mwaka mzima.

Kinder uiache hadi umezoea. Juu yake ni tambarare ya udongo mweusi wa mimea iliyooza, uliochimbwa na maji kuwa mifereji inayomzidi mtu kimo. Ukungu ukishuka, kila mfereji unafanana na mwenzake. Anayeanza na abaki kwenye njia ya ukingoni, au achague kigongo cha Mam Tor, Hollins Cross na Lose Hill, ambako mabonde yanaonekana pande zote mbili, na njia sehemu kubwa imetandikwa mabamba ya mawe.

Nguo: pamba iache nyumbani. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa hazikauki mwilini, na upepo ukikupata umesimama unaanza kutetemeka hata mwezi wa tano. Vaa fulana ya michezo, sweta jepesi juu yake, na koti la mvua lisilopitisha maji, pamoja na suruali yake. Buti ziwe na meno marefu chini. Raba hazishiki kwenye matope wala kwenye majabali yaliyolowa.

Njia nzuri ya kujifunza yote haya ni kutembea na kikundi. Ramblers, chama cha watembea kwa miguu kilichoanzishwa 1935, kina vikundi karibu kila mji, na mgeni anaruhusiwa kujaribu matembezi machache kabla ya kujiunga. Tangazo la matembezi hutaja umbali kwa maili (maili moja ni kilomita 1.6) na daraja la ugumu. Usidanganywe na umbali mfupi. Soma kupanda ni kiasi gani. Fika robo saa kabla, kwa sababu wanaondoka kwa wakati uliotajwa. Mbele yuko kiongozi, na hapitwi. Nyuma yuko mtu wa mwisho. Ukitaka kujisaidia kichakani mwambie yeye, la sivyo utaachwa. Kama una pumu au dawa unazotumia, mwambie kiongozi mwanzoni. Mlango wa shamba huachwa ulivyokutwa. Chakula cha mchana unabeba mwenyewe na mnakila mmekaa juu ya mawe, kwa hiyo chapati, mayai na chupa ya chai ya moto vinafaa sana, pamoja na kitu cha kukalia kisichopitisha maji. Kwa Waislamu, Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa nne: mweleze kiongozi mapema, mapumziko ya chakula yanatosha kwa adhuhuri.

Ng'ombe wenye ndama ndio wanyama wa kuheshimu huku. Usipite kati ya mama na mtoto. Zunguka mbali, kisha rudi kwenye njia. Wakikusogelea usikimbie, tembea taratibu ukiwatazama. Ukiwa na mbwa nao wakaja kwa kasi, mwachie kamba: wanamtaka yeye, naye atawakimbia kirahisi kuliko wewe.

Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, halafu uombe kikosi cha uokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na huduma yao ni bure. Wape namba za gridi kutoka kwenye ramani, yaani namba za mistari ya miraba zinazoonyesha mahali ulipo. Nyumbani, kabla ya safari, tuma neno register kwenda 999 ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi, maana ujumbe hupenya hata pale sauti inapokatika. Bila simu, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiache hata ukijibiwa. Waokoaji wanaifuata sauti hiyo.

Ukirudi, kagua nyuma ya magoti, kinena na kwapa kama kuna kupe, hasa kuanzia masika hadi vuli. Mbane kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma. Ukiona doa jekundu linalotanuka katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa umetembea wapi.