Tsavoraiti: jiwe lenyewe lina nini, na hizo habari za bahati zinatoka wapi

Haipiti wiki sijapata meseji ya jiwe la kijani. Kuna anayeuliza "kaka hilo jiwe linafungua riziki kweli?", kuna anayetaka amvalishe mkewe siku ya ndoa, mwingine ameambiwa jiwe la waliozaliwa Januari ni ganeti na yeye nyekundu haipendi, anauliza kama ipo ya kijani. Mimi nafanya kazi ya mawe hapa Arusha, nanunua ghafi kwa mabroka, napeleka kwa mkataji, nauza yaliyokatwa, na kati ya mawe yote yanayopita mkononi kwangu tsavoraiti ndiyo naipenda kuliko hata tanzanaiti. Kwa hiyo leo acha niandike yote sehemu moja, manake nikijibu mmoja mmoja simalizi.

Ndiyo, ganeti ya kijani ipo, na ndiyo hii. Watu wakisikia ganeti wanawaza jekundu la damu ya mzee, lakini ganeti ni ukoo mzima, na tsavoraiti inatoka kwenye tawi la grosula, yaani ndani yake kuna kalsiamu, aluminiamu na silika. Grosula ikiwa safi kabisa haina rangi hata kidogo. Kijani kinaletwa na vanadiamu, saa nyingine na kromiamu, zinaingia kidogo tu na kukaa kwenye nafasi ya aluminiamu, basi jiwe zima linageuka. Hayo yalitokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita kwenye ule mkanda wa miamba unaoanzia Msumbiji na kupanda Tanzania mpaka Kenya, ndani ya mawe yenye grafaiti nyingi, ile ile ya ndani ya penseli, ndo maana ukishika ghafi la machimbo ya Mirerani vidole vinabaki vyeusi. Mara nyingi linakaa ndani ya bonge la mviringo kama kiazi, na ukilipasua hilo bonge ndani utakuta limevunjikavunjika lote, kipande kisafi cha kukata kinatoka kidogo sana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha tsavoraiti safi iliyokatwa ikabaki na karati 2, jua umeona kitu adimu, nyingi zinazouzwa hazifiki hata karati 1. Makubwa yapo lakini yanahesabika, lile la karati 116.76 linaloitwa Simba wa Mirerani lilichimbwa 2017 na sasa hivi liko makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Sasa historia yake naomba muishike vizuri kwa sababu ndiyo inajibu maswali yenu mengi. Jiwe hili liligunduliwa mwaka 1967 na Campbell Bridges, Mskoti mtaalamu wa miamba, sehemu inaitwa Lemshuko huko Simanjiro. Baadaye machimbo yakataifishwa, akavuka mpaka, akaufuata mwamba ule ule upande wa Taita, na mwanzoni mwa miaka ya 70 akalipata tena, karibu na hifadhi ya Tsavo. Mwaka 1974 Tiffany, kampuni ya vito ya New York, ikalitangaza duniani kwa jina hilo la Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 huko huko Taita, alivamiwa na kundi la watu kwenye mgogoro wa machimbo, na hadi leo wazee wa biashara hii wakimtaja wanapunguza sauti.

1967. Hebu rudia kuusoma huo mwaka. Halafu fungua intaneti uone matangazo: "jiwe la siri la mafarao", "wafalme wa kale walilivaa vitani", "lina nguvu ya miaka 3,000". Hakuna farao aliyevaa tsavoraiti kwa kulijua, babu yangu alikuwa mtu mzima kabla ya dunia kujua kwamba lipo! Hizo habari zote zimeazimwa. Nyingi zimetolewa kwa zumaridi, ambayo kweli Misri ilikuwa na machimbo yake tangu zamani, na Mrumi Plinio aliandika karne ya kwanza kwamba wachonga mawe macho yakiwachoka walikuwa wanaangalia zumaridi ili yapumzike. Nyingine zimetoka kwa ganeti nyekundu, kwamba inamlinda msafiri, inatuliza damu. Na hii ya chakra ya moyo, yaani kituo cha nguvu kifuani, kwamba kijani kinafungua kifua na kuleta upendo, imetoka kwenye mafundisho ya India, wauza mawe wa Ulaya na Marekani wakaichukua wakaibandika kwenye kila jiwe la kijani walilonalo, tsavoraiti ikiwemo.

Kuna kisa kimoja nakipenda sana kuhusu mambo haya. Zamani watu waliamini nyoka akiangalia zumaridi macho yanapofuka, na walioandika hivyo walikuwa wasomi wakubwa. Akatokea mwanasayansi al-Biruni, karibu miaka 1,000 iliyopita, akasema ngoja tujaribu. Akamvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandazia zumaridi chini, akamtingishia kamba ya zumaridi mbele ya macho, miezi 9 nzima, kwenye joto na kwenye baridi. Macho ya nyoka yakabaki mazima. Mtu huyo huyo ndiye aliyekaa akipima mawe kwa maji, anazamisha jiwe, anaangalia maji kiasi gani yamemwagika, anajua hili ni hili na lile ni lile. Mimi nikifundisha vijana wanaoanza kazi huwa naanza na huyo mzee, kwa sababu njia yake ya maji tunaitumia mpaka leo na nitaieleza hapo chini.

Msinielewe vibaya, sisemi jiwe halina maana. Kuna mama mmoja alikuja dukani na kikaratasi kilichokunjwa kunjwa, ndani kijiwe kidogo cha kijani, mume wake alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji, Mirerani, alishafariki, na hicho ndicho alichoacha ndani ya nyumba. Alitaka kikatwe, bintiye akivae siku ya harusi. Kilikuwa na ufa pembeni, mkataji akauondoa, kikabaki chini ya nusu karati lakini kijani chake, jamani, ukikisogeza dirishani kinawaka. Sasa kabla ya kuja kwangu kuna mtu alishamwambia jiwe "limelala", lazima lisomewe ndipo lifanye kazi, na bei ya kusomewa ilikuwa kubwa kuliko ya kukata na kutengeneza pete kwa pamoja. Nilimwambia mama, hilo jiwe limeshafanya kazi yake, limetoka mkononi mwa baba linaenda kidoleni kwa mtoto, hapo msomaji wa kulipwa anaongeza nini? Hiyo ndiyo imani yangu kwenye jambo hili. Maana ya jiwe unaiweka wewe na watu wako na haina bei, riziki anaombwa Mungu, kwa hiyo hela yako lipia kile ambacho jiwe linacho kweli: rangi, usafi, uzito, ukataji. Mtu akikuongezea bei kwa sababu ya nguvu za jiwe, ondoka.

Tuje kwenye hicho linacho kweli. Cha kwanza ni mwanga. Tsavoraiti inapinda mwanga kuliko zumaridi, kipimo chake ni kama 1.74 na zumaridi iko 1.58 hivi, ndiyo maana zikiwekwa pamoja tsavoraiti inang'aa zaidi na zumaridi inaonekana imetulia. Cha pili, na hiki ndicho kinanifanya nilipende, haliguswi. Zumaridi nyingi sokoni zimeingizwa mafuta kwenye nyufa zionekane safi, tanzanaiti karibu yote imepikwa ili itoe bluu, lakini tsavoraiti inachimbwa kijani, inakatwa kijani, inauzwa kijani, basi. Rangi unayoiona ni ile iliyotoka nayo ardhini.

Ukienda kununua usiangalie chini ya taa za duka peke yake, toka nalo nje kwenye mwanga wa mchana, pembeni kwenye kivuli. Linalotakiwa ni kijani kilichokolea lakini bado kina uhai. Kuna yaliyokolea mpaka kwenye kivuli yanakuwa kama meusi, na kuna yaliyopauka, kijani cha majani ya minti, ya Mirerani mengi yako hivyo na mimi siyadharau, ni mazuri, ila yasiuzwe kwa bei ya lililokolea. Halafu chukua lupu, ile lenzi ndogo ya kukuza mara 10, kila broka anayo mfukoni, angalia kwa kupitia juu ya jiwe kona zilizokatwa upande wa nyuma. Kwenye tsavoraiti kila mstari unauona mmoja. Ukiona mistari imejirudia miwili miwili hiyo siyo ganeti, mara nyingi ni tomalini ya kijani, ambayo nayo ni jiwe zuri la hapa hapa kwetu lakini ni jiwe lingine. Ukiona vipovu vya mviringo ndani, hiyo ni chupa.

Na sasa maji ya al-Biruni. Mizani ya karati inayosoma desimali mbili inatosha. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Kisha lining'inize kwenye mizani kwa uzi mwembamba, likiwa ndani ya glasi ya maji bila kugusa chini, maji yawe na tone la sabuni ili vipovu visishike kwenye jiwe, pima tena. Chukua uzito wa kavu, gawanya kwa tofauti ya hizo mbili. Tsavoraiti itakupa karibu na 3.6, zumaridi karibu na 2.7, tomalini kama 3.1, na zile zirkonia za kiwandani zinapita 5. Kwa mfano jiwe la karati 2 likiwa tsavoraiti litapungua kama 0.55 ndani ya maji, likiwa zumaridi litapungua kama 0.74. Jiwe likiwa dogo sana chini ya nusu karati usiiamini hesabu hii, mizani inakosea kidogo tu na jibu linaruka mbali, hapo peleka Kituo cha Jemolojia hapa Arusha au kwa yeyote mwenye vifaa. Na kwa hesabu hiyo hiyo mjue kwamba tsavoraiti ya karati 1 inaonekana ndogo kuliko zumaridi ya karati 1, hujapunjwa, ni nzito tu.

Kuhusu kuvaa. Ugumu wake ni 7 mpaka 7.5, na vumbi letu la kila siku lina mchanga wenye ugumu wa 7, kwa hiyo pete ya kuvaa kila siku, ukishika jembe, ukipika, ukiendesha boda, itachoka uso baada ya miaka. Hereni na mkufu havina shida hiyo. Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, mashine ya mvuke hapana. Na pete ikibana au ikilegea, mwambie sonara alitoe jiwe KABLA ya kuwasha moto, usikubali "nitalizungushia kitambaa kibichi", joto la ghafla linaweza kulipasua, na likipasuka hakuna wa kukurudishia.

Ndugu zangu mlio Muscat, Dubai au Minnesota mnaotuma hela mnunuliwe huku: nunueni kwa mwenye leseni, kwenye soko la madini, na mpewe karatasi, manake bila kibali jiwe halitoki uwanja wa ndege kihalali. Ombeni video ya nje mchana, jiwe likiwa juu ya kiganja, halafu juu ya mizani namba zikionekana. Angalieni pia mizani inasoma nini, gramu 1 ni karati 5, nimeona watu wanatumiwa picha ya mizani ya gramu na bei ya karati kwenye ujumbe mmoja, na hesabu hapo inavurugika vibaya sana.