Uliza Mwalimu wa Historia: Kiti cha Kaisari kilipopigwa mnada

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu kuna ubishi. Mwenzangu anashikilia kwamba dola ya Roma iliwahi kupigwa mnada kama gari bovu la serikali. Mimi nasema ni porojo. Nani mkweli? Na Warumi, na sheria zao zote zile, walikosaje sheria ya kumpata mrithi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mwenzako ndiye mkweli. Ilikuwa tarehe 28 Machi 193, na habari tunazipata kwa Cassius Dio, seneta aliyekuwapo Roma siku hiyo.

Miezi mitatu nyuma Kaisari Commodus alikuwa amenyongwa. Aliyemfuata, Pertinax, mzee wa miaka 66, aliwaahidi walinzi wa Kaisari sesterti (sarafu za Kirumi) 12,000 kila mmoja wakati hazina ni tupu. Ikabidi auze mali za anasa za Commodus apate cha kuwalipa. Ila alitaka pia kuwarudisha kwenye nidhamu, na hilo hawakulisamehe. Siku ya 87 walivamia ikulu, wakamwua.

Kisha wakafunga malango ya kambi yao. Ndani alikuwamo Sulpicianus, mkuu wa jiji na baba wa mke wa Pertinax, aliyekuwa ametumwa kuwatuliza. Mkwewe hata hajazikwa, mzee akaanza kukiwania kiti. Nje ya ukuta akafika Didius Julianus, seneta tajiri. Askari wakawa madalali: wanakimbia kwa huyu kumwambia yule ametoa kiasi gani, wewe unaongeza ngapi, kisha wanarudi kule. Sulpicianus akafika 20,000 kwa kila askari. Julianus hakupanda kidogo kidogo. Aliruka hadi 25,000 kwa mkupuo, akipaza sauti na kuonyesha kwa vidole. Akawatia na hofu kwamba mwenzake angekuja kulipiza kisasi cha Pertinax. Wakamfungulia.

Kinachoniuma zaidi ni maseneta. Dio anasema waliogopa hata kubaki nyumbani, wasije wakashukiwa. Wakaoga, wakala, wakapenya katikati ya askari hadi ukumbini kumsikiliza mnunuzi akihutubia.

Sasa kuhusu sheria. Tangu Augusto, yule tunayemsoma katika Injili ya Luka, Roma haikukubali kusema kwamba ina mfalme. Kisheria Kaisari alikuwa raia aliyekabidhiwa madaraka na Seneti. Cheo cha kifalme ambacho nchi haikikiri, utakiandikiaje mrithi? Wengine waliachia wana wao, wengine waliasili mtu mzima, lakini neno la mwisho likabaki kwa wenye panga waliolala karibu na ikulu.

Julianus alidumu siku 66. Majeshi ya mto Danube yalimtangaza Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Seneti ikamgeuka Julianus, naye akauawa akiuliza amemkosea nani, amemwua nani. Severus aliwaita walinzi wale waje bila silaha, akawazingira, akawafukuza Roma. Nafasi zao akawapa askari wake mwenyewe.

SWALI: Mwalimu, nimeona picha ya kale ya Kaisari Septimius Severus na familia yake. Mtoto mmoja uso umefutwa. Nani alifanya hivyo, na kwa nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Huyo ni Geta, mwana wa Severus na mdogo wake Caracalla. Picha yenyewe ni ya ubao, iko Berlin. Severus alifia York, Uingereza, Februari 211, akawaachia wanawe wote wawili dola pamoja na wosia: wapatane, wawatajirishe askari, wengine wasiwajali. Mapatano hayakumaliza mwaka. Desemba Caracalla alimshawishi mama yao, Julia Domna, awaite wote chumbani kwake awasuluhishe. Maakida waliopangwa wakaingia ghafla. Geta akamkimbilia mama, akamng'ang'ania, akauawa mikononi mwake. Mama alijeruhiwa mkono, tena akakatazwa kumlilia. Katika ukatili wote wa Roma, huu ndio unaonishinda, mama kunyimwa matanga ya mwanawe.

Caracalla alikimbilia kambi ya walinzi, akadai yeye ndiye aliyeponea chupuchupu, akawamwagia fedha. Kwa amri yake jina la Geta likafutwa kwenye mawe, uso kwenye picha.

Mwaka 217, karibu na Carrhae, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo, Caracalla alishuka kwenye farasi ajisaidie kando ya njia. Askari mmoja akamchoma kisu. Aliyeipanga njama hiyo alikuwa Macrinus, mkuu wa walinzi wake, na siku chache baadaye Macrinus ndiye aliyekuwa Kaisari.